Vitabu vya nyongeza vya zamani vya michezo ya mezani: thamani yake iko wapi?

Mwaka 1974 kampuni ndogo iliyoitwa TSR, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ilitoa vijitabu vitatu ndani ya boksi moja na kuviita Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000, wenyewe wakazipanga kwenye maboksi kwa mikono yao, na boksi liliuzwa dola 10. Mwishoni mwa kijitabu cha tatu walimwachia msomaji maneno ambayo yanabishaniwa mpaka leo. Kwa ufupi walisema hivi: amua mwenyewe unataka ulimwengu wako uwe wa namna gani, uufanye uwe hivyo, na usitungoje sisi tukufanyie kazi ya kuwaza.

Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyohiyo ilianza kuuza vitabu vya nyongeza. Hapo ndipo utata ulipoanzia. Ikiwa mchezo wenyewe unakuagiza utunge, kwa nini ununue alichotunga mwingine? Na ikiwa ipo sababu ya kununua, kwa nini uchague kitabu chenye umri wa miaka 40 au 50, chenye chapa ndogo, michoro ya kalamu na mpangilio unaochosha macho, ilhali vipya vimejaa na vinavutia zaidi?

Nimeona mabishano mengi juu ya jambo hili yakienda mrama kwa sababu watu wanachanganya thamani tatu zilizo mbalimbali. Kuna thamani ya sokoni, yaani bei ambayo mkusanyaji atalipa. Kuna thamani ya kazi: kitabu kinafaa nini mezani, watu wakiwa wamekaa na dadu mkononi. Na kuna thamani ya ushahidi: kitabu kinatuonyesha nini kuhusu watu waliokiandika na wakati wao. Kitabu kimoja kinaweza kuwa tajiri kwa moja na fukara kwa nyingine. Mimi naipa uzito ile ya kazi, na sababu zangu zitaonekana.

Kwanza, kwa asiyeujua mchezo. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja wao ni mwamuzi. Waliobaki, kila mmoja anashika mhusika wake: askari, mchawi, kasisi. Hakuna ubao wa lazima, wala hakuna timu mbili zinazoshindana. Mwamuzi anaeleza mambo yalivyo: mko mbele ya mlango wa chuma, chini yake panavuja maji, upande wa pili mnasikia mtu akikohoa. Wachezaji wanasema watakachofanya. Pale ambapo haijulikani kama watafaulu, dadu inarushwa. Kanuni za msingi zinatosha kuanzia. Kitabu cha nyongeza ni chochote kinachoongezwa juu yake: kanuni mpya, mazimwi, ramani, mji mzima, au kisa kilichoandaliwa tayari kwa ajili ya mwamuzi.

Cha kwanza kilikuwa Greyhawk, cha mwaka 1975, kilichoandikwa na Gary Gygax na Robert Kuntz. Hicho kilibadili mambo ambayo leo tunadhani yalikuwepo tangu mwanzo. Katika kanuni za 1974, kisu na shoka vilijeruhi kwa kiasi kilekile, dadu moja ya nyuso sita. Greyhawk ikaipa kila silaha kiwango chake. Ikamleta mwizi kama aina ya mhusika, wazo lililomfikia Gygax kwa simu kutoka kwa wachezaji wa duka moja la michezo huko Santa Monica, California. Mwaka huohuo Dave Arneson, mwenza wake katika kuubuni mchezo, alitoa Blackmoor, ambayo ndani yake kulikuwa na hekalu la watu wanaoabudu vyura: kisa cha kwanza cha mchezo wa aina hii kuchapishwa. Mwaka 1976 ikafuata Eldritch Wizardry pamoja na mashetani yake, na mkono na jicho la mchawi Vecna, ambavyo wachezaji wanaviogopa hadi leo.

Ukivisoma vitabu hivi kwa matumaini ya kupata kanuni zilizonyooka, utakereka. Vinarukaruka, vinapingana, na mahali pengine vinaeleza kanuni ya jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Sababu ni kwamba havikubuniwa ofisini. Greyhawk lilikuwa jina la mji na mahandaki ambayo Gygax alikuwa akiwaendeshea wenzake. Blackmoor ilikuwa ya Arneson na rafiki zake wa Minneapolis na St. Paul, na waliicheza kabla Dungeons & Dragons haijakuwepo. Vitabu hivi ni kama kumbukumbu za vikao: fulani aliuliza kama anaweza kunyata gizani, ikabidi itungwe kanuni ya kunyata, na kanuni hiyo ikaandikwa. Kwa hiyo Blackmoor inapotofautiana na Greyhawk hakuna aliyekosea. Ni meza mbili zilizoamua tofauti, na zote mbili zimechapishwa. Hapa thamani ya ushahidi ni kubwa sana, kwa sababu mchezo wenyewe ni maneno ya mdomoni ambayo hupotea watu wakishaondoka mezani. Bila karatasi hizi tusingekuwa na njia ya kujua watu wale walikuwa wanafanya nini hasa.

Kulikuwa na watu waliokuwa wakikesha wakijiandalia mahandaki yao, kisha asubuhi wanaamkia kazini. Wawili wa aina hiyo, Bob Bledsaw na Bill Owen wa Decatur, Illinois, waliona kwamba mwamuzi aliyechoka anahitaji msaada. Mwaka 1976 wakaanzisha Judges Guild na kutoa City State of the Invincible Overlord, yaani mji mmoja mkubwa wenye ramani, mitaa, maduka, vilabu vya pombe na mahekalu. Duka kwa duka umeandikiwa mwenyewe ni nani, ana nguvu kiasi gani, wapo akina nani humo ndani, na mara nyingi uvumi mmoja au jambo linaloendelea hapo. Hadithi ya mji haijaandikwa. Mhusika akiingia kwa mfua chuma kununua upanga, mwamuzi anapata sentensi mbili tu, naye anaendelea kutoka hapo. TSR waliwapa ruhusa, na wao wenyewe walikaa hadi 1978 ndipo wakaanza kutoa visa vyao vya kuuzwa kimoja kimoja.

Mwandishi wa Judges Guild ninayemheshimu kuliko wote ni Jennell Jaquays, aliyefariki mwaka 2024. The Caverns of Thracia yake ya 1979 bado inafundisha uchoraji wa ramani. Mapango mengi ya wakati ule yalikuwa mstari: chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, zimwi kubwa mwishoni. Yake yana njia za kuingilia zaidi ya moja, korido zinazozunguka na kukurudisha ulikotoka, na mashimo yanayokushusha ngazi ambayo hukuikusudia. Hilo linabadili kazi ya wachezaji. Njia ikiwa moja, kinachobaki ni kupigana au kurudi nyumbani. Njia zikiwa tano, kuna kupeleleza, kuzunguka adui kwa nyuma, kukimbia kwa njia ambayo yeye haijui, na kubishana mezani juu ya lipi ni la busara. Mabishano hayo ndiyo mchezo wenyewe.

Swali la mwanzo, la kutunga au kununua, lilipata jibu lake zuri kabisa mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kijitabu ambacho wakusanyaji hawakigombanii sana: In Search of the Unknown, cha Mike Carr. Kilikuwa kinawekwa ndani ya boksi la wanaoanza. Ni ngome ya watu wawili waliotoweka, mpiganaji Rogahn na mchawi Zelligar. Carr anakupa ramani na maelezo ya kila chumba, lakini mazimwi na hazina hakuviweka mahali pake. Chini ya maelezo ya vyumba kuna nafasi tupu ya kuandika, na nyuma ya kitabu kuna orodha ya mazimwi na orodha ya hazina. Mwamuzi mgeni anachukua penseli na kuamua mwenyewe: humu nitaweka buibui, mle nitaficha pete. Akimaliza kitabu, ameshajifunza kuandaa kisa bila mtu kumhutubia.

Na pale ambapo Carr alijaza mwenyewe, alijaza kwa ukarimu. Kuna chumba chenye madimbwi 14, kila moja na kilichomo. Moja linaponya majeraha, jingine ni asidi, jingine divai, jingine la usingizi, jingine maji ya kunywa tu, jingine lina samaki, na moja limekauka. Hakuna adui wa kupigana naye, isipokuwa ute wa kijani ndani ya dimbwi moja. Hakuna kanuni inayosema ukifika dimbwi la nne urushe dadu gani kulitambua. Wachezaji wanaanza kuchovya fimbo, wanarusha sarafu, wanamshawishi mwenzao aonje. Ukurasa mmoja na nusu hivi wa maandishi unaweza kuchukua saa nzima ya mchezo, na kila meza inautoka na kisa chake.

Kijitabu kilichochukua nafasi yake ndani ya boksi kilikuwa The Keep on the Borderlands cha Gygax, ambacho nadhani kimechezwa na watu wengi kuliko kisa kingine chochote cha zama zile. Kina ngome ya mpakani, na karibu yake mapango ya mazimwi. Wakazi wa ngome ile hawana majina. Kuna kasisi, kuna mwenye klabu, kuna kamanda, basi. Wengine wanakiona kama upungufu. Mimi naona ni mlango ulioachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu mwamuzi akishawapa watu wale majina, ngome inakuwa yake. Hata ramani ina pango moja ambalo limetajwa kuwa lipo na halikuelezwa, kusudi mwamuzi alichimbe mwenyewe.

Kilichonivutia zaidi humo ni jedwali la uvumi. Mchezaji anarusha dadu ya nyuso 20 na kupata jambo ambalo mhusika wake amelisikia mitaani. Mwamuzi peke yake ndiye anayeona alama pembeni inayosema ni kweli au ni uongo. Mojawapo ya uvumi huo unasema kwamba “bree-yark” ni neno la lugha ya magoblini (mazimwi wadogo wa mapangoni) lenye maana ya “tunasalimu amri”. Ni uongo. Ni ukelele wao wa kuitana vitani. Sasa fikiria kikundi kilichosikia uvumi huo klabuni, kikaingia pangoni kikiuamini, kikasikia magoblini wakipiga yowe hilo, kikashusha silaha. Mstari mmoja katika jedwali umezaa tukio ambalo watu watalikumbuka kwa miaka, na mwandishi hakulipanga. Aliweka tu baruti mahali pazuri.

Lakini kuna sharti ambalo wengi hulisahau, na ndilo linalofanya vijana wakifungua kijitabu hiki leo wakione hakina maana. Kilitungwa kwa kanuni za wakati wake. Katika kanuni hizo mhusika alipanda daraja hasa kwa mali aliyotoka nayo: sarafu moja ya dhahabu, alama moja ya uzoefu. Kuua zimwi kulileta alama chache tu, na mhusika wa daraja la kwanza aliweza kufa kwa pigo moja. Juu ya hapo, wakutanapo na wakaaji wa pango, mwamuzi alirusha dadu mbili za nyuso sita kuona watapokewaje: 2 ni kushambuliwa papo hapo, 12 ni urafiki wa dhati, na katikati kuna kusitasita kwingi. Unganisha mambo hayo matatu uone yanakoelekea. Mchezaji mwenye akili hapigani. Ananunua rafiki, anagonganisha kundi moja la maorki (mazimwi wengine wa mapango hayo) na jingine (na kitabu chenyewe kinamwambia mwamuzi kwamba makabila ya mapango yale yana uhasama na miungano yao), anaiba dhahabu usiku, anatoka mbio.

Chukua kisa hichohicho ukiendeshe kwa kanuni ambazo alama zinatokana na kuua, na wahusika wana nguvu za kuhimili mapigo mengi. Mapango yanageuka machinjio: chumba, vita, chumba, vita. Mtu anafunga kitabu na kusema wazee walikuwa hawajui kuandika. Kitabu hakina kosa. Kimetenganishwa na kanuni zilizokipa maana. Kwa hiyo nikiulizwa kama kijitabu fulani cha 1979 “bado kinafaa”, nami huuliza: utakiendesha kwa kanuni zipi?

Nje ya mapango na majoka, mfano wangu wa kitabu cha kazi ni wa mchezo wa anga. Marc Miller na kampuni ya GDW ya mji wa Normal, Illinois, walitoa Traveller mwaka 1977, katika vijitabu vyeusi vidogo. Nyongeza yake ya tatu, ya 1979, inaitwa The Spinward Marches, na karibu yote ni ramani za pembesita na orodha za sayari. Mamia ya sayari, kila moja mstari mmoja. Sayari ya Regina imeandikwa A788899-A. Asiyejua anaona namba ya kiwanda. Anayejua anasoma hivi: bandari ya anga ni ya daraja la juu, kipenyo cha sayari ni kama maili 7,000, hewa ni nzito, maji yamefunika asilimia 80, watu ni mamia ya milioni, utawala ni wa urasimu usiojali mtu, sheria ni kali kiasi kwamba ukitoka nyumbani huruhusiwi kubeba silaha, teknolojia ni ya ngazi ya kumi. Ukishajua hayo, wachezaji wanatua na bunduki zao mabegani na tayari una mgogoro bandarini, mbele ya karani asiyejali. Herufi na tarakimu nane zimetosha. Sijaona kitabu kipya kilichoweza kubana kazi kubwa hivyo mahali padogo hivyo.

Baadaye upepo uligeuka. Mfululizo wa visa vya TSR ulioitwa Dragonlance, ulioanza 1984, uliwapa wachezaji hadithi kubwa yenye mashujaa walioandaliwa, na kanuni ya kuwakinga wahusika muhimu: wakifa, wafe mahali ambapo maiti haionekani, ili waweze kurudi hadithi ikiwahitaji. Watu waliupenda, na riwaya zake ziliuzwa sana. Kisha zikaja dunia nzima nzima ndani ya maboksi: Forgotten Realms 1987, Spelljammer 1989, Dark Sun 1991, Planescape 1994. Baadhi ni nzuri mno kwa macho na kwa mawazo. Ila nyingi kati ya kurasa hizo ziliandikwa zisomwe kitandani, historia ya wafalme na nasaba zao, na mwamuzi akitafuta ndani yake jambo la kutumia usiku wa leo anapekua mpaka anachoka. TSR wenyewe walielemewa na madeni, na mwaka 1997 wakanunuliwa na Wizards of the Coast.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kitabu kimoja cha zamani ambacho hatuwezi kukipita, kwa sababu kimetuandika. Ni Masks of Nyarlathotep, cha Larry DiTillio akisaidiana na Lynn Willis, kilichotolewa na Chaosium mwaka 1984 kwa ajili ya mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu. Wapelelezi wanaanzia New York mwaka 1925, wanafuata nyayo za msafara wa tajiri mmoja Mmarekani unaodaiwa kuuawa wote nchini Kenya, na safari inawapeleka London, Cairo, Kenya na Shanghai. Kwa thamani ya kazi, ni hodari. Mwamuzi hawalazimishi wachezaji waanze na mji gani. Dalili za kila mji zinaelekeza kwenye miji mingine. Nazo dalili ni vitu vya kushika mkononi: barua, vipande vya magazeti, hata kiberiti cha baa moja ya Shanghai cha kukata na kukunja. Nimeshaona watu wazima wakiinamia kipande cha karatasi cha kiberiti kana kwamba uhai wao umo humo.

Kwa ushahidi, sura ya Kenya inaonyesha jinsi waandishi wa Marekani wa 1984 walivyoiwazia nchi hiyo: dhehebu la damu porini, mlima wenye laana, wanakijiji wanaongoja wageni waje kuwaokoa. Picha hiyo ilitoka sinema za zamani, haikutoka Kenya. Hata hivyo ndani ya sura hiyohiyo, mjini Nairobi, wapelelezi wanaweza kukutana na kijana Johnstone Kenyatta (ndiye Jomo Kenyatta wa baadaye), na ndiye anayewaelekeza kwa mtu wa kuwasaidia. Mwandishi alijua jina hilo na akalipa heshima. Hakulifuata mbali, na hapo ndipo mwamuzi anayejua Kiswahili na historia ya kwetu anapopata nafasi ambayo wengine hawana.

Kenyatta wa kweli miaka ile aliajiriwa na manispaa ya Nairobi akisoma mita za maji. Kazi gani nzuri zaidi kwa kisa cha upelelezi? Mtu anayeingia kila uani, ya Mzungu na ya Mhindi, anayejua nyumba ipi inatumia maji kupita kiasi bila wakazi kuonekana. Mwaka 1922 Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, alikamatwa, umati ukakusanyika kudai aachiwe, ukapigwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliokufa, na Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Mwaka 1925 majeraha hayo bado mabichi. Mwanamume Mwafrika hatembei bila kipande, kitambulisho cha kulazimishwa. Mhusika Mwafrika aliyeko kwenye kikundi cha wapelelezi anasimamishwa na askari kituo cha reli wakati wenzake Wazungu wanapita. Weka mambo hayo ndani ya sura ile na utisho wake unahama kutoka porini kwenda mahali ulipokuwa kweli. Toleo jipya la 2018 lilipitia upya maandishi ya namna hii, nami nalisifu kwa hilo, lakini kazi hii ya kujaza kwa maarifa ya nyumbani hakuna mchapishaji wa ng’ambo atakayeifanya vizuri kama sisi.

Wapo wanaosema vitabu vyenye makosa ya aina hiyo viachwe kabisa. Makosa ni mengi, sikatai. Kitabu cha wachezaji cha 1978 cha Advanced Dungeons & Dragons kiliweka kikomo cha nguvu za mhusika mwanamke chini ya mwanamume, kwa jedwali kabisa. Anayekiendesha leo akitupe kikomo hicho bila kujiuliza mara mbili. Lakini nakala ibaki, isomwe, ijulikane. Kitabu cha nyongeza si msahafu. Tangu siku ya kwanza kilikuja na ruhusa ya kukikatakata.

Sasa bei. Hapa sitakaa sana, maana sokoni pana jambo moja tu linalopimwa: uchache, pamoja na hali ya nakala. Mfano unaotosha ni Palace of the Silver Princess, wa Jean Wells, wenye jalada la rangi ya chungwa. Nakala zilikuwa zimeshachapishwa pale wakuu wa TSR walipoona picha wasizozipenda, wakaamuru zikusanywe na kuharibiwa. Zikapona chache. Tom Moldvay akaiandika upya, ikatoka mwaka 1981 na jalada la kijani. Mwenye jalada la chungwa leo ana kitu cha gharama kubwa. Miaka mingi baadaye Wizards of the Coast waliiweka ile ya kwanza kwenye tovuti yao, mtu aipakue bure. Aliyeipakua amesoma kila neno ambalo tajiri analo kabatini. Vivyo hivyo Deities & Demigods ya 1980: nakala za mwanzo zina kurasa 144, za baadaye 128, kwa kuwa sura mbili ziliondolewa, na watu hulipia zaidi kurasa hizo 16 ambazo wengi wao hawatazitumia kamwe. Sina ugomvi na mkusanyaji. Anahifadhi karatasi ambazo zingeoza. Ila bei yake isitumike kumwambia mchezaji kitabu kipi ni kizuri.

Kwa anayeishi Dodoma au Kisumu, nakala halisi ina pia gharama ya posta na ushuru, kwa hiyo njia yake ni faili. Vitabu vingi vya TSR vinauzwa kwa PDF kihalali kwa dola chache. Kwa upande wa kanuni hakuna haja ya kulipa hata senti. Sheria ya Marekani inalinda maneno ya mwandishi, hailindi utaratibu wa mchezo wenyewe. Juu ya msingi huo, na juu ya leseni huria ambayo Wizards waliitoa mwaka 2000, watu wameandika upya kanuni za zamani kwa maneno yao. OSRIC ilitoka 2006. Karibu wakati huohuo ikatoka Basic Fantasy ya Chris Gonnerman, ambayo PDF yake ni bure na inaendesha kisa chochote cha mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu bila kubadili kitu. Wizards walipotaka kuibana leseni ile mwanzoni mwa 2023 wachezaji waliwaka, nao wakarudi nyuma na kuiweka sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons.

Kuhusu dadu za nyuso 20, ambazo madukani kwetu ni adimu, TSR wenyewe waliwahi kuishiwa. Kwa kipindi fulani boksi la wanaoanza lilitoka bila dadu, na badala yake likawekwa karatasi ya namba za kukata kwa mkasi, uzitie kwenye kikombe na kuchomoa moja bila kutazama. Kwa hiyo kata namba 1 hadi 20, chapisha In Search of the Unknown kwenye duka la steshenari la karibu, uchukue penseli, na uanze kujaza zile nafasi tupu kabla wenzako hawajafika. Dimbwi la asidi liweke karibu na la divai.